Ratiba Kumi na Saba za Kwenda Pwani

Ratiba ya kwanza niliichapa mwenyewe kwenye kompyuta ya dukani kwangu, pale Elerai, Arusha, na nilipomkabidhi karatasi niliamini kabisa kwamba mzee huyu ataondoka Ijumaa. Nikamtakia safari njema. Alinitazama juu ya miwani kama mtu aliyesikia neno lisilo na adabu.

"Hiyo ni rasimu, binti," akasema. "Mtu hasafiri na rasimu."

Baadaye nilimchapia nyingine kumi na tano.

Mtaani tulimwita Mwongozaji. Jina la ubatizo alikuwa nalo na hakulificha, lakini hata mzee wa kanisa alipotaja wagonjwa wa kuombewa alisema "ndugu yetu Mwongozaji", na Mungu, nadhani, alielewa ni nani. Kwa miaka thelathini na ushei alikuwa ameendesha na kuongoza watalii: Momela, Tarangire, Manyara, kreta, Serengeti, kurudi, na kuanza upya. Alipostaafu alikuja nyumbani na vitu viwili vya kazi, landrova kuukuu na kizibao cha kaki chenye mifuko kumi na mmoja. Landrova ilikaa bandani. Kizibao kilikaa mwilini. Alikivaa sokoni, alikivaa kliniki, na Pasaka moja alikivaa juu ya suti, akasema suti haina mahali pa kuweka darubini.

Kila mahali alifika dakika kumi kabla. Kwenye msiba wa jirani mmoja alifika kabla ya wafiwa, akakaa mstari wa mbele, akaangalia saa. Na hakuna aliyetoka nyumbani kwake kwenda popote, hata dukani kwangu ambako ni hatua mia mbili, bila kuulizwa kama ameshaenda msalani. Siku binti yake alipokuja kuposwa, wageni walishuka na vitenge vyao na hotuba zao, na kabla msemaji wao hajafungua mdomo Mwongozaji alisimama.

"Karibuni sana," akasema. "Msalani ni kushoto, mlango wa bluu. Chakula ni saa saba na nusu. Mbwa hana neno mkimwacha peke yake. Mwenye swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali. Mahari ilizungumzwa baadaye, lakini wote walijua kwamba shughuli kubwa imekwisha.

Alikuwa na msemo wake, ambao nadhani aliwahi kuwaambia maelfu ya watu waliokuja kutoka mbali kumwona chui wasimwone: mnyama hasomi ratiba. Aliusema kwa upole, kama daktari. Kwamba yeye mwenyewe hakusoma kitu kingine zaidi ya ratiba, hilo hakuliona, na sisi hatukumwonyesha. Mtu anayekusaidia kusukuma gari asubuhi ya baridi, anayebeba wagonjwa wa mtaa mzima kwenda hospitali kwa landrova yake bila kuombwa mara mbili, humwonyeshi kila kitu.

Lakini hakuwahi kumpeleka mke wake Momela.

Huyu tulimwita Nesi, kwa sababu alikuwa nesi, na alipostaafu aliendelea kuwa nesi kwa watoto wa mtaa mzima. Ni Mchaga, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ilitosha. Kutoka Elerai hadi Momela hata ukienda polepole safari haichukui saa mbili. Mumewe alikuwa amewapeleka huko Wajapani, Wabrazili, mabibi harusi wenye viatu virefu, na profesa mmoja aliyelala njia nzima. Nesi alipomwomba naye akawaone flamingo wa maziwa ya huko, alijibiwa, "Huko ni kazini, Mama," kwa sauti ya mtu aliyeombwa kumshusha mkewe shimoni kuchimba tanzanaiti.

Kwa hiyo Nesi alijitengenezea mandhari yake nyumbani. Alipanda maua kwenye makopo ya mafuta ya kula, kwenye mabeseni yaliyotoboka, kwenye sinki la zamani la wodini ambalo sikuuliza lilitokaje wodini. Kitu kimoja tu kilimshinda. Zamani alifanya kazi na nesi mwenzake wa Pangani ambaye kila akitoka likizo alimletea maua ya langilangi, yale ya manukato, yamefungwa kwenye leso. Nesi aliyaweka chini ya mto mpaka yakawa unga. Alijaribu mche wake mara tatu, na mara tatu baridi ya Meru iliuua. Yule mwenzake ndiye aliyemwambia habari za Amani, kule juu Usambara, upande wa pwani ya Tanga, ambako kuna bustani ya zamani ya miti iliyoletwa kutoka pande zote za dunia, na langilangi ipo, na mdalasini, na kafuri, na hakuna anayeimwagilia kwa kopo.

Kuhusu pwani, basi, mtaani petu mjuzi alikuwa Mwongozaji. Watalii wakimaliza wanyama huenda baharini, na yeye kwa miaka yote hiyo aliwaeleza watakachokiona. Tulijua hivyo, tukamwendea. Maharusi wawili wa kanisani kwetu walimuuliza wajiandaeje kwa fungate ya Tanga, mwezi wa pili. Aliwashauri wabebe masweta, maana upepo wa bahari, alisema, unaingia mifupani. Walirudi wameungua na jua, masweta yao yakiwa hayajakunjuliwa, lakini ni watu wenye heshima, walisema tu kwamba mwaka huo upepo ulichelewa.

Halafu macho ya Nesi yakaanza kuharibika. Ilikuwa presha ya macho, ile isiyouma. Yeye mwenyewe aliwahi kuwapa wengine dawa ya matone kwa ugonjwa huo, na bado aliuona kwake umechelewa. Daktari alimwambia dawa itapunguza mwendo lakini haitarudisha kilichokwenda. Alinieleza dukani, akisubiri nakala za karatasi za kliniki. "Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," alisema. "Bomba lenyewe linapungua." Jioni ile, mezani, alimwambia mumewe kwamba anataka kuiona bustani ya Amani kabla bomba halijaziba.

Mwongozaji aliweka kijiko chini. "Nitapanga," akasema.

Na alipanga. Ratiba ya kwanza ilikuwa siku nne: Muheza, Amani, kulala, kurudi. Ilikuwa nzuri mno, ndiyo sababu hakuiamini. Ya tatu iliongeza Tanga mjini. Ya tano ikaingiza wanyama, kwa kuwa ni aibu mtu wa kazi yake kufika pwani asione Saadani, ambako tembo, alinieleza, wanaoga baharini jioni kama watu. Ya nane ikaingiza miji ya kale. Alianza na Pangani na Bagamoyo, akaona Bagamoyo bila Kilwa ni kama Ngorongoro bila kreta, akaongeza Kilwa, na safari ikawa siku kumi na tisa, katikati yake mvua za masika. Ya kumi na moja ilikuwa na ukurasa wa dharura. Ya kumi na mbili ilikuwa na ukurasa wa dharura za dharura.

Sababu za kutoondoka zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililozifanya ziwe ngumu. Masika ni masika. Barabara ya Pangani kwenda Saadani kweli ilikuwa inatengenezwa. Mwezi wa kwanza pwani kweli kuna joto, mwezi wa nne kuna tope, na mwezi wa kumi na mbili Wachaga wote wa dunia wako barabarani kwenda kwao na hakuna mtu mwenye akili anayeingia katikati yao. Mimi nilichapa. Nilibadilisha tarehe, nikapanga mistari, nikamwekea rangi ya kijani kwenye bustani, kahawia kwenye wanyama na bluu kwenye miji. Alipenda sana zile rangi.

Wakati wa ratiba ya kwanza Nesi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Wakati wa ya sita alikuwa ananipa nimtungie. Wakati wa ya kumi na tatu alisimama mlangoni kwangu na kuuliza, "Uko peke yako?" Tulikuwa watatu.

Siku hiyohiyo ya ratiba ya kumi na tatu mmoja wa wateja wangu alikuwa mwalimu aliyehamishiwa Arusha, mtu wa Pangani. Nesi alikuwa ameshaondoka. Mwongozaji alikuwa anakagua mistari ya bluu kwa sauti, na yule mwalimu aliposikia mji wake ukitajwa alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Pangani huwa mnafikia wapi, Mzee wangu?"

"Ah, pale pale," Mwongozaji akasema. "Ile nyumba ya wageni karibu na mlima."

"Mlima gani?"

Mashine ya nakala ilikuwa inafanya kazi, ikamsaidia kidogo. Ilipomaliza, Mwongozaji akarudi kwenye mistari yake ya bluu. Mwalimu alimtazama, akanitazama mimi, akasema kwa adabu ya watu wa kwao, "Labda unasemea juu juu huko, mimi sikufika sana," akachukua karatasi zake akaaga.

Mwongozaji aliniomba nifunge mlango. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono ndani ya mifuko miwili kati ya ile kumi na mmoja.

"Sijawahi kupita Same kuelekea pwani," akasema.

Alinieleza bila kunitazama. Mwaka wa kwanza wa kazi mtalii mmoja alimuuliza bahari ikoje, naye, kijana wa Kimeru aliyekulia mgombani na kumaliza mafunzo juzi, aliona aibu kusema hajui. Akasema anakijua kila kichochoro. Yule mgeni aliporudi kutoka pwani alimwambia kila kitu kilikuwa kama alivyosema, na mwaka uliofuata alimtumia marafiki zake. Basi. Alisoma vitabu. Aliwauliza watalii waliokuwa wakirudi na kuwaeleza wale waliokuwa wakienda. Uongo ulikuwa wa neno moja, akaufanyia kazi miaka thelathini.

"Sasa si uende tu, Mzee," nikasema. "Ukishafika utakuwa umefika. Nani atajua?"

"Mama atajua. Atanikuta sijui kona. Mimi huko ni mgeni, binti. Wewe hujui mgeni anavyoonekana. Mimi najua, nimewatazama kwenye kioo cha gari maisha yangu yote."

Aliniomba nisimwambie mtu. Nikakubali, nikamchapia ratiba ya kumi na nne, na usiku sikulala vizuri. Nilijua sasa ninachokichapa. Yule mama alikuwa anapoteza macho, mimi nachagua rangi.

Ya kumi na sita ndiyo iliyokaribia. Ilikuwa mwezi wa saba, kukavu, hakuna sababu hata moja iliyobaki juu ya ardhi. Asubuhi hiyo tulikwenda majirani kuwaaga. Landrova ilikuwa imeoshwa. Nesi alikuwa amekaa kiti cha mbele, kikapu mapajani, kilemba kipya, amenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mwongozaji alitoa maelezo yake yote, ya msalani yakiwemo, kwa abiria mmoja. Kisha akazunguka gari. Akazunguka tena. Akainama kwenye tairi la nyuma la kushoto.

"Hili silipendi," akasema.

Fundi wa jirani alilitazama akasema halina kitu. Mwongozaji akasema halina kitu leo. Alilifungua. Alipolifungua akaona na breki azitazame, na alipoona breki akawa yuko chini ya gari, miguu tu nje. Jua likapanda. Majirani tukaanza kukumbuka kazi zetu. Nesi alikaa kiti cha mbele mpaka saa tano. Kisha akafungua mlango, akapapasa kwa mguu mpaka akapata ardhi, akachukua kikapu chake, akaingia ndani.  Ile miguu miwili iliacha kucheza.

Jumatatu Nesi alikuja dukani akishika ukuta.

"Shikamoo, Mama Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Jumatano una kazi nyingi?"

Nilimwambia sina. Nilikuwa nazo.

Mwongozaji hakupinga nimpeleke mimi. Alikuja na ratiba ya kumi na saba ameiandika kwa mkono, ya watu wawili na basi, siku nne, bustani tu. Ilikuwa ileile ya kwanza. Alitusindikiza stendi, akamwonya dereva wa basi kuhusu kona za Mombo, ambazo hakuwahi kuziona, na dereva akamshukuru. Tukiwa Moshi alipiga simu. Tukiwa Same alipiga. Hedaru alipiga, Korogwe alipiga mara mbili, mpaka Nesi aliniomba simu, akasema taratibu, "Baba, nitakupigia mimi," akaikata.

Amani tulifika kesho yake kwa gari la kukodi kutoka Muheza, barabara inapanda msituni na ukungu unashuka kukupokea. Mtunzaji wa bustani alikuwa mzee mfupi, aliyekuwa anaongea na miti zaidi ya watu. Alipotambua hali ya Nesi hakusema pole. Alianza tu kumpa vitu mkononi. Alimpa gome la mdalasini, akampa jani la kafuri amelivunja kwanza, akampa mbegu nzito ambayo Nesi aliipima kwa kiganja kama mtoto wa kliniki. Kwenye mti mmoja mrefu aliomba tusubiri, akarudi na tawi lenye maua marefu ya manjano, petali zake zimelegea kama vidole vya mtu aliyesinzia.

Nesi alilisogeza ua karibu kabisa na jicho la kulia, lile lililobaki na bomba. Akalizungusha. Alilitazama muda mrefu, petali kwa petali, kama anasoma kipimajoto. Mimi na mtunzaji tulitazama pembeni.

Tulipokaa kupumzika nilishindwa kujizuia. Nikaanza, "Mama, kuna jambo kuhusu Mzee..."

"Kwamba hajafika huku," akasema.

Nikamgeukia.

"Mwanangu, nimefua kile kizibao tangu kilipokuwa kipya. Nimekuta humo vumbi la Serengeti, magadi, manyoya ya ndege, kinyesi cha sijui nani. Mifuko yote ile, na hakuna hata siku moja nimekunguta mchanga wa bahari." Alinusa vidole vyake. "Nilikuwa namngoja aniambie. Nikafikiri safari itamlazimisha. Kumbe yeye alikuwa anaisukuma safari mbele asije akalazimika."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika siku ya tairi. Macho hayangoji."

Kisha akampigia. Nilimbonyezea mimi kwa sababu hakuona vitufe, nikaweka sauti ya wazi, kwa hiyo nilisikia. Mwongozaji aliuliza kama tumefika salama, kama tumekula, kama gari lina tairi la akiba. Nesi akajibu yote. Kisha akasema, "Sasa nisikilize, nikwambie kulivyo." Akamwelezea ukungu, na mdalasini, na rangi ya lile ua, kwamba manjano yake yana kijani ndani, siyo manjano ya alizeti.  Upande wa pili tukasikia kalamu ikitafutwa.

"Sema tena, Mama," akasema. "Polepole."

Tuliporudi Mwongozaji hakuniletea tena karatasi. Alipita dukani kusalimia, akanunua kalamu, hakukaa. Nilisikia kutoka kwa Nesi kwamba alimwambia mwenyewe ile siri, jikoni, wakichambua mchicha, na kwamba ilichukua mchicha wote. Aliposema amemaliza, Nesi alimjibu kwamba anajua, na kwamba mchicha bado una mchanga, auoshe tena. Miezi kadhaa baadaye lile bomba liliziba. Makopo yake ya maua bado anayamwagilia mwenyewe, kwa kuhesabu hatua.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilikwenda stendi alfajiri kupokea mzigo wa karatasi uliotoka Dar es Salaam. Nikawaona. Walikuwa wamesimama kando ya basi la Tanga, wazee wawili wameshikana mikono. Nilidhani yeye ndiye anayemwongoza, maana ndivyo ilivyopasa kuwa. Nilipokaribia niliona siyo. Yeye alikuwa amevaa shati la kawaida, ameshika begi na kikapu, anageuza shingo kila wanapopiga honi, na Nesi ndiye aliyekuwa anaongea. Alikuwa anamwelekeza: ukishuka Muheza wauza machungwa wako mkono wa kulia, usinunue kwa wa kwanza, gari la Amani linasimama nyuma ya soko, kutoka hapo Pangani si mbali, tutauliza.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakajibu pamoja. Mwongozaji alinitazama kwa haya. Nilimuuliza wanarudi lini. Akasema hajui. Aliniambia hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu neno la lugha ya kigeni kuona kama atacheka mtu.

Kondakta aliwapandisha. Nilisimama chini ya mlango nikiwapitishia kikapu. Mbele walipopewa viti, kondakta, kijana mwenye adabu, alimshika Nesi mkono amsogeze ndani.

"Bibi akae dirishani, apate hewa."

Nesi hakusogea. Alipapasa kiti, akakipata, akajibana upande wa njia ya kupita.

"Mpe yeye dirisha," akasema, na basi zima lilisikia. "Ndiyo mara yake ya kwanza."

Watu wawili watatu waligeuka. Mwongozaji alisimama kidogo, begi kifuani. Kisha akasema, "Ni kweli," akapita mbele ya magoti ya mkewe, akakaa, akasogeza pazia.